Al-Inkishafi na Miji ya Mawe

Utungo wa Al-Inkishafi umezoea kusomwa kama waadhi. Mtungaji wake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeishi katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, anausemesha moyo wake mwenyewe. Anaukaripia kwa kuing'ang'ania dunia, anauonya juu ya kaburi na hesabu, kisha anauchukua kuutembeza katika majumba ya wakubwa wa Pate, yaliyokuwa na fahari na sasa yamekuwa mahame. Kusoma hivyo ni haki, maana jina lenyewe la utungo lina maana ya kufunuliwa, na kinachofunuliwa ni udanganyifu wa mali. Lakini wahakiki kwa kuushikilia waadhi peke yake wameupita upande wa pili bila kuutazama. Al-Inkishafi ni orodha ya nyumba. Mtu atakaye kujua nyumba ya tajiri wa Pate ilikuwaje kwa ndani, taa zake, vyombo vyake vya kaure, vitanda vyake na matandiko yake, hatapata katika mashairi ya Kiswahili shahidi bora kuliko huyu. Aliyekusudia watu wayadharau majumba ndiye aliyeyahifadhi.

Jambo hili si mzaha wa historia tu. Leo miji ya mawe ya pwani imo katika mabishano makubwa: nini kihifadhiwe, nani ahifadhi, kwa fedha ya nani, na kwa faida ya nani. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Wajenzi, wanasheria, wanauchumi na watalii wote wamepata kusema juu ya miji hiyo. Washairi waliotangulia kusema hawajaitwa kutoa ushahidi. Na yamkini ushahidi wao ni mzito kuliko unavyodhaniwa, na tena hauwapendelei wahifadhi kwa upesi.

Utazamwe kwanza mpango wa sehemu ile ya utungo inayohusu majumba. Mtungaji haanzi na gofu. Anaanza na nyumba yenye uhai: taa za bilauri na za shaba zinazofanya usiku uwe kama mchana, sahani za kaure zilizochaguliwa, vitanda vyenye mito na matandiko, watumishi wakiwahudumia mabwana, watu wakitembea kwa maringo. Baada ya hapo mauti yanaingia, na wenye nyumba wanahamia katika mwanandani mwembamba wa kaburi. Ndipo anaporudi katika nyumba zile zile, akapita karibu kitu kwa kitu. Palipokuwa na taa pana giza hata mpita njia anaogopa mlango. Palipokuwa na sauti za watu pana sauti za wadudu. Vidaka vya ukutani, vilivyochongwa ili vipambwe kwa kaure, vimekuwa viota vya makinda ya ndege. Juu wananing'inia popo. Uwanja umeota magugu na miiba.

Msomaji aliyesimama kidogo hapa ataona jambo ambalo waadhi humfanya alipite. Kwa sehemu kubwa, nyumba hizi zingali zimesimama. Popo hawezi kuning'inia pasipo na dari. Ndege hawezi kutaga katika kidaka kilichokwisha anguka. Gofu la Al-Inkishafi si rundo la mawe. Ni nyumba yenye kuta, yenye milango, yenye mapambo yake ya chokaa, iliyopungukiwa na watu. Sayyid Abdalla hakulilia kuta. Alizitumia kuta kama kipimo cha kuonyesha kilichoondoka. Kwa hiyo maana ya uharibifu katika utungo huu haipatani na maana waliyo nayo wengi wa wahifadhi wa leo. Kwao mji umeharibika paa linapoporomoka. Kwake mji umeharibika mwenyeji anapotoka, na paa litafuata kwa wakati wake.

Kipimo hicho cha mshairi kikipelekwa Lamu, kinasema jambo la kutia wasiwasi. Katika mitaa ya Mkomani nyumba ya mawe haikuwa mali ya mtu mmoja ya kuuzwa atakapo. Kwa desturi ya wenye majumba, baba alijenga nyumba, au alipandisha ghorofa juu ya yake, kwa ajili ya binti yake anapoolewa. Mume ndiye aliyehamia. Mpango wa nyumba wenyewe ulilingana na desturi hiyo. Mgeni alipokewa kwenye daka, mbele ya mlango, penye viti vya mawe pande zote mbili. Kutoka hapo njia ilipinda katika tekani ili jicho la barabarani lisifike ndani, ikatokea kwenye kiwanda chenye mwanga. Baada ya kiwanda ndipo palipofuata misana, chumba kirefu nyuma ya chumba kirefu, kila kimoja kikiwa na giza na heshima zaidi ya kilichotangulia, mpaka kufika ndani, mahali pa bibi wa nyumba. Huko ndiko ulikokuwako ukuta wa zidaka, kama wasemavyo watu wa Lamu, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa iliyochongwa. Mtoto alizaliwa mbele ya ukuta ule, bibi arusi alionyeshwa mbele ya ukuta ule, na maiti alitengenezwa karibu yake. Mshairi alipochagua zidaka kuwa ndimo ndege walimozalia, hakuchagua pambo lolote tu lililomjia. Alichagua mahali pa kuzaliwa penyewe. Anayesoma ubeti ule bila kuijua nyumba anapata picha nzuri ya ukiwa. Anayeijua nyumba anapata pigo la moyo.

Sasa nyumba nyingi za namna hiyo zimenunuliwa na wageni kutoka mbali, wengine kwa kuzipenda kweli, na zimetengenezwa kwa ustadi ambao wenyewe wasingeuweza kwa ukosefu wa fedha. Zidaka zimepakwa upya. Milango imetiwa mafuta. Mwenye nyumba huja majuma machache kwa mwaka, au hupangisha wasafiri, na familia iliyouza imehamia pembezoni mwa mji katika nyumba ya matofali ya saruji. Si haki kuwalaumu waliouza. Paa la boriti hudai fedha kila mwaka, na watoto hudai karo. Wala si haki kusema walionunua wameharibu. Lakini kwa kipimo cha Sayyid Abdalla nyumba ile imo katika njia ya uhame, hata kama hapana popo ndani yake. Hii ndiyo hoja ambayo hati za hifadhi haziwezi kuiona kwa urahisi, kwa kuwa zimeundwa kuhesabu majengo, na jengo lile katika hesabu limo miongoni mwa yaliyookolewa.

Zanzibar yasimulia upande mwingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa na serikali, wenyewe wengi wakaondoka nchini, na ndani wakaingizwa wapangaji, aghalabu familia kadhaa katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya moja. Watu hawakupungua katika nyumba hizo, waliongezeka. Ilhali nyumba zilianza kuanguka moja baada ya moja. Hapa ushahidi wa mshairi wa Pate wahitaji nyongeza, maana watu peke yao hawatoshi kuishika nyumba ikiwa hapana hata mmoja aliye na haki na wajibu wa kupanda juu kuziba ufa.

Sababu yenyewe ni ya ufundi, na yafaa ielezwe, kwa kuwa wasomi wa fasihi hupenda kuzungumza juu ya magofu bila kujua jinsi ukuta unavyokufa. Nyumba ya mawe ya pwani imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Dari zake zabebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana chumba chaweza kuwa kirefu upendavyo, lakini upana wake kwa kawaida ni kama mita 3 au pungufu, kwa kuwa boriti haipatikani ndefu zaidi. Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa. Chokaa iliyopakwa juu yake huyaruhusu kutoka. Mvua ikipenya kwenye paa na isizibwe, maji hushuka ndani ya ukuta, huosha chokaa iliyoshikanisha mawe, hufika kwenye ncha za boriti zilizochomekwa ukutani na kuzioza mahali pasipoonekana. Ukuta hutuna kama tumbo. Ndipo huja mtu mwenye nia njema na mfuko wa saruji, akapaka juu ya ufa. Saruji hung'aa, ukuta huonekana umepona, na maji yaliyomo ndani hayana tena mlango wa kutokea. Mwaka wa pili au wa tatu kipande chote huanguka, saruji ikiwa imeshikilia ngozi ya jiwe lililooza.

Serikali ya Zanzibar haikukaa kimya. Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, sheria yake ilifuata mwaka 1994, na mpango mkubwa wa mji, uliotayarishwa na Francesco Siravo kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, ulichapishwa mwaka 1996. Ni kazi ya uangalifu mkubwa, iliyopima mji mtaa kwa mtaa. Ilichapishwa kwa Kiingereza. Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa mhandisi, na kwa hakika kazi nyingine njema zimefanyika kwa Kiingereza. Lakini mpangaji wa chumba kimoja katika nyumba ya ghorofa tatu ndiye aamuaye, siku ya mvua, kama atapaka chokaa au saruji, naye hana budi kusemeshwa kwa lugha yake.

Hakuna mfano wenye uchungu kuliko Beit al-Ajaib. Sayyid Barghash bin Said aliijenga mwaka 1883 mbele ya bahari, jumba la fahari lenye nguzo ndefu za chuma na baraza zinazolizunguka, na watu wakaliita Jumba la Maajabu kwa sababu ya taa za umeme na lifti, vitu ambavyo mji haukupata kuviona. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimiza saa moja, iliyabomoa majumba ya jirani, nalo likasalimika kwa majeraha. Liliishi kuwa ofisi za serikali ya kikoloni, likaishi baada ya Mapinduzi, likawa makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Jumba lililostahimili mizinga ya manowari lilishindwa na maji, uzito na muda. Limo katika orodha ya dunia, limo katika picha za kila kitabu cha wasafiri, na lilikuwa na jina ambalo kila mtoto wa Unguja alilijua. Kuorodheshwa, kwa hiyo, hakukuwa paa.

Lakini kabla ya kulililia Jumba la Maajabu yafaa kusikiliza shahidi wa pili, naye si wa waadhi. Adam Shafi Adam alitoa riwaya yake Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978. Humo mna jumba la bwana shamba wa Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi, na mna Kijakazi, mtumishi anayemtumikia bwana huyo kwa utii usiohoji. Mwandishi halitazami jumba kama mshairi wa Pate alivyolitazama. Sayyid Abdalla aliona mali na akauliza itadumu mpaka lini. Adam Shafi anaona mali na kuuliza imetoka kwa nani. Uzuri wa kasri katika riwaya hii una harufu ya jasho la watu walioijenga na kuisafisha bila kukaribishwa kukaa. Msomaji akishatoka katika kurasa zile hawezi tena kuutazama mlango wa msaji wenye misumari ya shaba kwa jicho lililokuwa nalo.

Swali la riwaya ndilo swali gumu kuliko yote katika hifadhi ya miji hii, na wahifadhi wengi hulikwepa kwa kusema juu ya usanii wa michongo. Nani alikata matumbawe? Nani alikusanya magogo, akachoma tanuri, akabeba chokaa kichwani? Katika nyumba nyingi kubwa walikuwa watumwa, nao hawakuingizwa ndani penye zidaka isipokuwa kuzipangusa. Na walioachiwa huru, pamoja na wafanyakazi na wageni kutoka bara, walikaa ng'ambo ya kijito kilichoutenga Mji Mkongwe na upande wa mashariki. Kijito kimefukiwa, jina la Ng'ambo limebaki. Mwaka 2000 mpaka wa urithi wa dunia ulichorwa kuuzunguka mji wa mawe, na sehemu ya Ng'ambo ikawa kanda ya nje ya kuulinda. Kwa mtazamo wa majengo uamuzi huo waeleweka. Kwa mtazamo wa riwaya ni kichekesho kichungu, maana walioujenga mji wamewekwa kuwa ua wa mji. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo, hazikudumu. Lakini taarabu iliyochezwa katika vilabu vyao, na Kiswahili kilichonolewa katika baraza zao, havikuwa vya udongo.

Wapo watakaosema kwamba ikiwa majumba ni ushahidi wa dhuluma, basi yaachwe yaanguke, na mahali pake pajengwe maghorofa ya watu. Hoja hii ilikuwa na nguvu katika miaka ya 1960 na 1970, yalipojengwa majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na hapana sababu ya kuidharau: waliohamia Michenzani walipata bomba la maji na mlango wao wenyewe. Hata hivyo hoja inajikata yenyewe. Shahidi wa dhuluma akiuawa, dhuluma haifutiki. Hukosa wa kuisimulia. Na Adam Shafi mwenyewe hakulifuta kasri katika riwaya yake. Alilijenga kwa maneno chumba kwa chumba, kama alivyofanya mshairi wa Pate, kwa kuwa bila kasri Kijakazi hana mahali pa kuonekana. Waandishi wawili walio mbali kwa kila kitu, mmoja sharifu wa karne ya 18 na mwingine mwandishi wa siasa za mabadiliko, wamelazimika kulihifadhi jumba ili wapate kulihukumu. Kilicho haki kudaiwa kwa wahifadhi ni kwamba nyumba zisimame pamoja na hukumu yake, na anayeingia aambiwe mahali alipolala mpishi kama anavyoambiwa mahali alipolala bwana.

Katika Lamu mabishano ya mji na maendeleo yamefika mahali ambapo Zanzibar haijafika, yaani mahakamani. Mradi wa bandari na njia za kwenda Sudani Kusini na Ethiopia, uitwao LAPSSET, ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Bandari haipo katika mji wa kale, ipo ng'ambo ya maji, na hapana nyumba ya mawe iliyobomolewa kwa ajili yake. Kwa hesabu ya majengo basi, urithi haukuguswa. Wavuvi wa Lamu walifikiri vingine. Walisema kwamba mji wao si kuta tu, ni bahari iliyowalisha waliojenga kuta, mikoko iliyotoa boriti, na njia za samaki zinazojulikana kwa majina. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Kenya, ikikaa Malindi, iliamua kwamba mradi ulikuwa umevunja haki zao, ikiwamo haki ya utamaduni, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, Juni 2019, kibali cha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa karibu na hapo kilibatilishwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mhakiki wa fasihi hana ujuzi wa kupima hoja za kisheria zilizotumika. Anachoweza kuona ni kwamba majaji walikubali maana ya mji iliyo pana kuliko ile ya orodha, na iliyo karibu zaidi na ile ya Al-Inkishafi: mji ni watu na riziki yao.

Tena kuna mgongano mwingine ambao hauna mkosaji. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha kwa muda ukataji wa miti, na ukataji wa mikoko ya Lamu ukaingia katika katazo hilo. Mikoko huzuia pwani isimomonyoke na hulea samaki. Kuilinda ni wajibu. Lakini paa la nyumba ya mawe lisipopata boriti halina dawa nyingine ila zege, na zege juu ya ukuta wa matumbawe ni mzigo usio wake. Urithi mmoja ulilindwa dhidi ya mwingine. Mabaharia wa zamani waliosafirisha makorija ya boriti kwenda Ghuba wangecheka kusikia kwamba Lamu yenyewe imekosa boriti.

Yabaki maneno, na hapa lawama inahama kutoka kwa wahandisi kuja kwa wasomi wa lugha. Al-Inkishafi ilichapishwa mwaka 1915 katika kitabu cha Stigand, kwa kazi ya W. E. Taylor, ikachapishwa na William Hichens mwaka 1939, ikachapishwa tena na James de Vere Allen mwaka 1977. Zote tatu zilitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na kila moja ina sifa zake. Allen hasa aliijua nyumba ya Lamu, na maelezo yake yamefaidika kwa hilo. Lakini mwanafunzi wa leo anayesomeshwa utungo huu hupewa kidaka kuwa ni msamiati mgumu, akaandika ukingoni kwamba maana yake ni kishubaka, akaendelea. Hajui kimo chake, hajui kilitengenezwaje. Daka, tekani, msana, wikio linalovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili za ndugu: haya yamekuwa maneno ya kamusi katika vizazi vichache tu, na neno likishabaki katika kamusi peke yake hali yake ni ile ya nyumba iliyobaki na mlinzi peke yake.

Haikuwa hivyo kwa Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki katika miaka ya 1940 baada ya maisha marefu. Huyu alikuwa mshairi na mwandishi wa khati nzuri, na wataalamu wa Ulaya waliotafuta tungo za kale, Hichens akiwa mmojawapo, walimtegemea awanakilie. Huyo huyo alikuwa mchongaji. Mkono ulionakili tungo za magofu ulishika patasi na kutengeneza milango ya nyumba za watu. Hakuna katika maisha yake dalili kwamba aliziona kuwa kazi mbili. Baadaye zimetengwa: tungo zikaenda vyuoni, milango ikaenda kwa mamlaka za hifadhi na kwa wauzaji wa vitu vya kale, na kila upande una wataalamu wake wasiosomana.

Toleo jipya la Al-Inkishafi lingeweza kuanza kuuziba ufa huo, nalo halihitaji fedha nyingi. Maelezo yake yawe ya Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho. Penye beti za majumba, maelezo yasichukuliwe katika kamusi bali kwa mafundi wa Lamu na Pate wanaojua bado kuchonga chokaa mbichi kabla haijakauka, na mchoro wa ukuta wa zidaka uwekwe mkabala na ubeti, pamoja na vipimo vyake kama fundi avipimavyo, kwa shibiri na dhiraa. Wazee wa kike waulizwe nini kiliwekwa katika kidaka kipi siku ya arusi, maana mafundi wa kiume hawakuwako. Kazi hiyo ni ya miaka miwili au mitatu, na wazee wa kuulizwa wanapungua.